Kukarabati chemba ya kufurikia majitaka yenye tundu finyu

Chemba ya kufurikia hujengwa mahali ambapo majitaka na maji ya mvua hupita kwenye bomba moja. Siku za kawaida maji yote hutoka kwa bomba dogo linaloelekea kwenye mtambo wa kusafishia. Mvua kubwa ikinyesha, bomba hilo huzidiwa, maji hupanda ndani ya chemba, huvuka kizingiti na kuingia kwenye bomba la mafuriko linaloyapeleka mtoni, baharini au kwenye tangi la akiba. Sehemu zake ni chache: bomba la kuingilia, kizingiti, kidhibiti cha mtiririko, chujio, bomba la mafuriko na kilango cha bawaba kinachozuia maji yasirudi. Ugumu hauko kwenye idadi ya sehemu. Uko kwenye ukweli kwamba zote zipo mita 5 hadi 8 chini ya barabara, na njia ya kuzifikia ni tundu la milimita 600.

Ndiyo maana kazi hii hupangwa kuanzia kwenye tundu. Kabla ya kuuliza saruji gani itumike au chujio gani liagizwe, jua ni kitu gani kinaweza kupita, na mtu aliyezimia atatolewaje.

Kupima tundu

Usiamini kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mfuniko. Chini ya fremu ya milimita 600 mara nyingi shimo ni dogo zaidi: matofali yamesogea, bamba la zege halikukaa sawa na shimo, na vyuma vya kukanyagia vimejitokeza milimita 100 hadi 150. Kata pete ya plaiwudi yenye kipenyo cha nje cha milimita 550, ifunge kamba tatu ili ikae mlalo, uishushe taratibu hadi ndani ya chemba. Ikikwama, pima kina cha mahali ilipokwama, kisha jaribu pete ya 500. Kipimo kilichopita ndicho tundu lako halisi, na ndicho unachompa mtengenezaji wa chujio kwa maandishi.

Vyuma vya kukanyagia vilivyoliwa na kutu visitumiwe na mtu yeyote, hata kama vinaonekana vizima kwa juu, maana huoza kwenye maungio yao na ukuta. Vikate sawasawa na ukuta. Hapo unaondoa hatari na unajipatia nafasi kwa pamoja.

Upana peke yake hautoshi. Bati la mita 2.5 linaweza kupita shimoni vizuri kabisa, kisha likashindwa kulala ndani ya chemba yenye kimo cha mita 1.8. Chora shimo na chemba kwa mizani kwenye karatasi, kata kipande cha kadi chenye urefu wa kifaa kwa mizani ileile, ukisukume kwenye mchoro. Kwa kifaa cha umbo rahisi, dakika tano za kadi zinatosha kukuonyesha kama kitageuka.

Kifaa kisipopita, njia ni tatu. Ya kwanza ni kukigawa vipande na kukifunga kwa bolti huko chini. Ya pili ni kupanua tundu kwa kukata bamba la juu. Ya tatu ni kuchimba shimo jipya pembeni na kutoboa ukuta wa chemba. Tunapendelea ya kwanza kwa kizingiti, chujio na ngazi, lakini haifai kusukumwa kupita kiasi. Kila kiungio ni mahali pa kuvuja na pa kunasa matambara, na kikundi cha watu wawili kikifunga bolti 200 gizani kitakaa chini siku nyingi kuliko ambazo kukata bamba kungechukua.

Ukiamua kukata bamba, mhandisi wa miundo ahesabu kwanza. Bamba linabeba magurudumu ya magari, na nondo zilizozunguka tundu la zamani zimewekwa ili zibebe mzigo wa zile zilizokatwa. Ukizikata hizo, bamba halina tena kinachoibeba pembe. Mara nyingi ni afadhali kuliondoa lote na kuweka jipya lililofyatuliwa kiwandani, lenye tundu la milimita 900 kwa 900 au refu zaidi upande wa kizingiti. Kipande cha zege cha mita 1.5 kwa 1.0 chenye unene wa milimita 250 kina uzito unaokaribia kilo 950, kwa hiyo lazima kiwe kimeshaning'inizwa kwenye kreni kabla ya mkato wa mwisho. Maji ya msumeno yana chokaa nyingi. Yanyonyeni, yasiingie kwenye mfereji wa mvua.

Kuichunguza chemba bila kushuka

Mengi ya muhimu yanaweza kujulikana kutoka juu. Kamera ya mti mrefu huonyesha hali ya kuta na kilango. Skana ya leza ikishushwa kichwa chini hutoa vipimo vya chemba nzima kwa muda mfupi. Rangi ya kufuatilia maji ikimiminwa kwenye chemba za juu huonyesha bomba gani linaingia wapi, na hapo ndipo hugunduliwa lile bomba la nne ambalo halipo kwenye mchoro wowote. Acha pia kipima kina cha maji ndani kwa wiki kadhaa, zikiwemo za mvua. Kitakuambia kizingiti kinavukwa mara ngapi, na kama kinavukwa siku kavu. Kikivukwa siku kavu, bomba la kutokea limeziba au kidhibiti kimekwama, na kazi imeshabadilika.

Kisha chukua usawa wa vitu vitano kwa alama moja isiyosogea: mgongo wa kizingiti, sakafu ya bomba la kuingilia, sakafu ya bomba la kutokea, sakafu ya bomba la mafuriko, na upande wa chini wa bamba la juu. Andika kabla ya kugusa chochote. Chemba ya kufurikia ni kifaa cha kupimia maji kilichojengwa kwa zege, na milimita chache hubadilisha tabia yake.

Chukua kizingiti chenye urefu wa mita 4. Maji yanayopita juu yake hukadiriwa kwa kuzidisha 1.8 kwa urefu wa kizingiti kwa kina cha maji juu ya mgongo kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5, vipimo vikiwa mita na jibu likiwa mita za ujazo kwa sekunde. Kina cha milimita 200 hupitisha takriban lita 644 kwa sekunde. Fundi akiinua mgongo milimita 50 kwa plasta "ili uwe sawa", na nyumba za juu haziwezi kuvumilia maji kupanda zaidi ya hapo awali, kina kinachobaki ni milimita 150 na kinachopita ni lita 418. Theluthi moja ya uwezo imepotea, na maji yaliyokosa njia yatatokea kwenye vyoo vya ghorofa ya chini.

Gesi na kuingia

Sehemu hii haina njia ya mkato. Hidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na harufu yake ya mayai viza haitegemewi: ikifika karibu 100 ppm (sehemu 100 kwa kila milioni ya hewa) pua hupoteza uwezo wa kuinusa. Ikizidi 700 ppm pumzi moja au mbili zaweza kumwangusha mtu. Methani huweza kulipuka kuanzia asilimia 5 hewani. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9, nayo hupungua penye tope linalooza.

Kipima gesi kiwe cha gesi nne na kipigwe jaribio la gesi ya majaribio kila siku ya kazi. Kengele huwekwa kwa kawaida hivi: oksijeni chini ya 19.5 au juu ya 23.5, gesi ya kulipuka asilimia 10 ya kiwango cha chini cha mlipuko, hidrojeni salfaidi 5 au 10 ppm, kaboni monoksaidi 30 ppm. Kanuni za mahali pako zikidai viwango vikali zaidi, fuata hizo. Shusha mrija wa kipimo na upime juu, katikati na karibu na maji, ukisubiri muda ambao mtengenezaji ametaja ili hewa ifike kwenye sensa. Mrija wa mita 10 huchelewesha jibu, na anayeutoa upesi anasoma hewa ya barabarani.

Kosa linaloua ni kupima mara moja asubuhi kisha kuanza kukoroga tope. Gesi imefungwa ndani ya tope, na koleo la kwanza huiachia yote. Kwa hiyo kila aliye chini avae kipima chake muda wote, karibu na kifua, na feni isizimwe hata wakati wa mapumziko.

Feni ikadiriwe kwa ujazo wa chemba. Chemba ya mita 4 kwa 3 yenye kina cha mita 5 ina mita 60 za ujazo. Ukitaka hewa ibadilishwe mara 20 kwa saa, inahitajika mita 1,200 za ujazo kwa saa zinazofika chini kweli. Bomba la hewa lenye kona mbili na mita 10 hula sehemu kubwa ya nguvu, hivyo chagua feni iliyoandikwa 2,000 au zaidi. Mdomo wa bomba ukae nusu mita juu ya maji, upande ulio mbali na tundu, vinginevyo hewa safi inaingia na kutoka bila kugusa kona. Mdomo wa kunyonyea ukae mbali na moshi wa jenereta na wa pampu. Bomba la hewa la milimita 300 linakula nusu ya upana wa tundu la 600, jambo linalosahaulika hadi siku ya uokoaji. Kama chemba ina tundu la pili, au chemba ya jirani iko karibu, peleka hewa kupitia huko.

Kila anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima, afungwe kwenye winchi ya miguu mitatu iliyothibitishwa kubeba watu, na awe na kifaa cha kupumulia cha dakika 10 cha kutorokea. Winchi ya watu haishushi mizigo, na ya mizigo haishushi watu. Mtu wa juu hana kazi nyingine: hapokei simu, haendi kuleta bolti. Mtu akianguka chini, hakuna anayemfuata bila kifaa kamili cha kupumulia. Vifo vya watu wawili watatu kwa pamoja kwenye machemba hutokea hivyo, wa pili akimkimbilia wa kwanza.

Fanyeni zoezi la kutoka kabla ya siku ya kazi na mpime kwa saa. Ikiwachukua watu watatu dakika 6 kutoka kwa tundu moja, basi onyo la maji kupanda lazima lije mapema zaidi ya hapo kwa mara mbili au zaidi. Weka mtu au kipima kina kwenye chemba ya juu, umbali wa kutosha kutoa muda huo. Utabiri ukionyesha mvua popote kwenye eneo linalomwaga maji kwenye bomba lako, msishuke, hata kama mlipo kuna jua.

Chanjo za pepopunda na homa ya ini ya aina A ziwe tayari mapema. Homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, huingia kupitia michubuko, hivyo glavu, bandeji zisizopitisha maji na sabuni juu ya tundu ni sehemu ya vifaa vya kazi.

Kuzuia na kuchepusha maji

Maji ya siku kavu hayawezi kuelekezwa kwenye bomba la mafuriko ili mafundi wapate nafasi. Hayo yangekuwa majitaka ghafi mtoni. Yachepushwe kwa pampu kutoka chemba ya juu hadi chemba iliyo chini ya kidhibiti.

Kadiria hivi. Watu 5,000 wakitumia lita 150 kwa siku hutoa wastani wa lita 8.7 kwa sekunde. Asubuhi hupanda, na kuzidisha kwa 3 hukupa lita 26. Bomba la kupeleka la milimita 150 litapitisha kiasi hicho kwa kasi ya karibu mita 1.5 kwa sekunde, ambayo inatosha mchanga usitulie. Kila mita 100 za bomba hilo hula takriban mita 1.6 za msukumo. Kwa kina cha mita 6 na kona kadhaa, pampu inayofikisha mita 10 kwa lita 26 itafaa, na ya pili ya ukubwa uleule iwe imeshaunganishwa, si ndani ya gari. Pampu inayonyonya kutoka juu haivuti zaidi ya mita 7 hivi kwa vitendo. Kina kikizidi hapo, tumia pampu ya kuzamisha.

Bomba la kuingilia huzibwa kwa puto la mpira. Hapa watu hudharau nguvu ya maji. Bomba la milimita 600 lenye mita 3 za maji nyuma yake husukuma puto kwa nguvu ya karibu kilonyutoni 8.3, sawa na uzito wa kilo 850. Puto likiteleza, linaruka pamoja na maji yote. Safisha ukuta wa bomba kwanza, maana utelezi wa mafuta ndio unaoliachia. Jaza hewa kwa presha iliyoandikwa na mtengenezaji, lifunge kwa mnyororo kwenye nanga, weka boriti ya kulizuia mbele, na bomba la kujazia hewa lenye gezi lifike juu ili presha isomwe bila kushuka. Puto la pili nyuma ya la kwanza si anasa. Mvua ikija kabla ya kumaliza, maputo lazima yaweze kutolewa kutoka juu.

Kama chemba ina tangi la akiba, usilimwage tupu kabla ya kujua maji ya ardhini yako wapi. Tangi la mita 6 kwa 4 likiwa na mita 3 za maji ya ardhini juu ya sakafu yake husukumwa kwenda juu kwa tani 72. Mjenzi wa kwanza huenda alitegemea uzito wa udongo ambao sasa mnataka kuuondoa ili kupanua tundu.

Kusafisha

Anza na jeti kutoka chemba ya chini, halafu gari la kunyonya. Tope la unene wa milimita 400 kwenye sakafu ya mita 4 kwa 3 ni karibu mita 5 za ujazo, na lenye mchanga hufika tani 7 au 8, hivyo uliza kabla kama gari moja linatosha na kituo cha kulimwagia kinalipokea. Kina kikizidi mita 7, bomba la kunyonya likizamishwa lote ndani ya maji halivuti kitu. Liachwe linyonye hewa pamoja na tope. Matambara yaliyosokotana hukatwa kwa kulabu kutoka juu kadiri inavyowezekana.

Kulijua zege lililokufa

Juu ya usawa wa maji, bakteria wa jamii ya Acidithiobacillus hugeuza hidrojeni salfaidi kuwa asidi ya salfa ukutani. Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13. Uso ulioshambuliwa unaweza kushuka chini ya 2. Saruji hugeuka jasi na kulainika kama udongo wa mfinyanzi. Ndiyo sababu uharibifu mkubwa hukaa darini na kwenye ukanda ulio juu kidogo ya maji, huku sakafu ikiwa nzima, na ndiyo sababu picha ya kamera iliyoelekezwa chini hudanganya.

Ingiza bisibisi. Inapozama bila kugongwa, hakuna zege. Gonga kwa nyundo ya gramu 500 kila nusu mita na uweke alama ya chaki panapotoa sauti ya uwazi. Chonga shimo dogo na unyunyize finoftalini: panapogeuka waridi zege bado lina alkali, pasipobadilika rangi pamekufa. Ondoa hadi kwenye waridi, kisha milimita chache zaidi. Jeti ya maji ya presha kubwa ni bora kuliko nyundo ya hewa kwa sababu haiachi nyufa ndogo kwenye zege linalobaki, lakini nguvu yake ya kurudi nyuma humchosha fundi upesi mahali finyu, hivyo wapokezane kila nusu saa.

Nondo iliyoonekana ichongwe nyuma hadi milimita 20 za nafasi kuizunguka, isafishwe hadi chuma kinachong'aa. Kipenyo kikiwa kimepungua kwa zaidi ya asilimia 20, mwite mhandisi. Kupaka rangi nondo iliyokwisha ni kupoteza rangi.

Kuvuja kwa maji ya ardhini

Hakuna plasta inayoshika ukutani maji yanapotiririka nyuma yake. Toboa matundu kwa nyuzi 45 pande zote mbili za ufa, kwa zamu, ili kila moja liukate ufa katikati ya unene wa ukuta. Ukuta wa milimita 300 hutobolewa milimita 150 kutoka kwenye ufa. Nafasi kati ya matundu iwe karibu nusu ya unene. Ingiza vipua vya sindano, suuza kwa maji, kisha sukuma resini ya poliuretani ukianzia chini, kwa presha ndogo inayoongezwa taratibu, hadi resini itokee kwenye tundu linalofuata. Panapobubujika sana, punguza kwanza kwa saruji ya kuganda haraka inayoshika ndani ya dakika 1 hadi 3. Changanya kiasi cha ngumi moja tu kila mara. Kilichobaki kwenye ndoo kimeshakuwa jiwe.

Kujenga upya kuta

Mahali penye asidi, saruji ya kawaida itarudi kwenye hali ileile. Chokaa, yaani mchanganyiko wa plasta, cha saruji ya aluminati ya kalsiamu hustahimili asidi kwa muda mrefu zaidi na huganda haraka, jambo lenye thamani pale ambapo kila saa ya pampu ni gharama. Epoksi huzuia asidi vizuri zaidi ikishika, lakini inadai ukuta mkavu au kianzio kinachokubali unyevu, na uso wenye joto la nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande. Chini ya ardhi masharti hayo hayapatikani kila siku, na epoksi iliyopakwa juu ya umande hubambuka kwa vipande vikubwa kama mkono. Kwa chemba finyu na yenye unyevu, chagua chokaa.

Kiasi cha chemba ya mfano wetu: kuta mita 70 za mraba, dari mita 12, jumla 82. Kwa unene wa milimita 30 ni karibu mita 2.5 za ujazo, na ukiongeza kinachorukia chini ni takriban 2.9. Kwa kukadiria kilo 1,900 za unga kwa mita ya ujazo, hiyo ni tani 5.5, mifuko 220 ya kilo 25. Mifuko hiyo haishushwi kwa kamba. Changanya juu na usukume kwa pampu ya skrubu kupitia bomba la milimita 38 au 50, fundi wa chini akishika pua tu. Lowesha ukuta tangu jana yake, uache ung'ae bila maji kusimama juu yake. Nyunyiza kwa tabaka kuanzia chini kwenda juu, pua ikiwa imenyooka kwa ukuta, na kilichorukia chini kisikusanywe na kurudishwa.

Funika kwa turubai lenye unyevu na upunguze feni isipulize moja kwa moja ukutani. Chokaa kilichokaushwa na feni ndani ya saa ya kwanza hupasuka nyufa za buibui. Baadaye pima mshiko kwa kuvuta vidonge vilivyogundishwa: kwa EN 1504-3, kiwango cha Ulaya cha kukarabati zege, daraja R3 linadai megapaskali (MPa) 1.5, na R4 MPa 2.0. Sakafu irudishiwe mteremko unaoelekea kwenye mfereji wa katikati, kati ya 1 kwa 10 na 1 kwa 12. Mlalo zaidi ya hapo, tope hubaki kila mafuriko yakishuka.

Kizingiti, chujio na kidhibiti

Bati la kizingiti la chuma kisichoshika kutu cha 316L, lenye unene wa milimita 6, urefu mita 4 na kimo milimita 500, lina uzito wa kilo 96. Likigawanywa vipande vinne vya mita moja, kila kimoja ni kilo 24 na kinapita kwenye pete ya 550. Matundu ya bolti yawe marefu kwa wima, milimita 40, ili kurekebisha. Tumia bolti za M12 za chuma kisichoshika kutu cha A4 zilizogundishwa kwa resini kila milimita 250, na mpira wa EPDM nyuma. Sawazisha kwa leza, si kwa pimamaji ya mita moja inayohamishwa hamishwa, na mgongo mzima uwe ndani ya milimita 2. Kaza bolti baada ya kuhakiki usawa ulioandikwa mwanzoni.

Chujio la matundu ya milimita 6 hutumika sana. Agiza la paneli, na mwambie mtengenezaji aifunge yote kiwandani mara moja kisha aipige namba kabla ya kuifungua. Juu ya chujio lazima ibaki njia ya dharura: likizibwa na matambara, maji yapite juu yake badala ya kurudi mjini. Hili huachwa mara nyingi kwenye michoro ya kuongeza chujio kwenye chemba ya zamani, kwa kuwa nafasi ni ndogo na kila mtu anatumaini chujio halitaziba.

Bomba la kubania mtiririko linahitaji uangalifu usiotarajiwa. Bomba la milimita 225 likivalishwa bitana ya milimita 6 hubaki na 213, na watu husema litapitisha kidogo. Kipenyo kinapunguza uwezo kwa karibu asilimia 14, lakini ulaini wa bitana, ukiushusha mgawo wa Manning (kipimo cha ukwaruzo wa bomba) kutoka 0.013 hadi 0.010, unauongeza kwa asilimia 30. Matokeo ni nyongeza ya asilimia 12 hivi kuelekea mtamboni. Kibali kikitaja kiasi cha kupeleka mbele, weka kidhibiti mdomoni mwa bomba. Kidhibiti cha kuzungusha maji ni kizuri kwa sababu tundu lake ni pana kuliko la lango linalopitisha kiasi kilekile, ila kiwe na mlango wa kufungua kwa waya kutoka juu, na kisizibwe njia ya hewa, kwani hufanya kazi kwa kiini cha hewa kinachojitokeza katikati ya mzunguko.

Kilango cha bawaba cha chuma cha kutupwa kibadilishwe kwa cha plastiki nzito ya HDPE, chepesi kushuka na kisichoshika kutu. Sensa ya kina iwe ya rada kuliko ya sauti, maana povu na umande huichanganya ya sauti, na ifungwe kwenye mkono unaovutwa kutoka kwenye tundu bila mtu kuingia.

Kurudisha maji

Toa maputo moja moja, hewa ikipunguzwa taratibu. Kabla ya hapo hesabu vifaa vilivyoshuka na vilivyopanda, kwa orodha. Mbao moja ya boriti iliyosahauliwa itakaa mdomoni mwa kidhibiti. Jaza chemba kwa maji safi kutoka boza hadi mgongo wa kizingiti na uangalie kama maji yanavuka urefu wote kwa pamoja. Yakivuka upande mmoja kwanza, legeza bolti na urudie. Fungua na ufunge kila lango mara tatu kwa mpini wa juu.

Chora upya mchoro ukiwa na viwango vitano ulivyopima mwanzo na vipya kando yake, pamoja na kipimo halisi cha tundu. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, subiri maji yashuke, fungua mfuniko na utazame kwa kamera: alama ya matambara kwenye chujio inaonyesha maji yalifika wapi. Ilinganishe na rekodi ya sensa. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 20, sensa imewekewa sifuri isiyo sahihi, na ni rahisi kuirekebisha wiki hiyo kuliko baada ya mwaka wa rekodi za uongo.